Ukimpigia Simu Konseli, Anza na Jina Lako

Ukimpigia simu konseli, yaani afisa wa ubalozi anayehudumia raia wa nchi yake walio ugenini, usiku wa manane, usianze na kisa. Anza na jina lako kama lilivyoandikwa kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, mji ulipo na namba ya simu ambayo ikipigwa itapokelewa. Kisa kifuate. Nimefanya kazi ya kupokea simu hizo kwa miaka mingi nikiwa afisa wa huduma za kikonseli, na nakwambia salio huisha, mtandao hukatika, askari humpokonya mtu simu katikati ya maneno. Nikiwa na jina na mji, nina pa kuanzia. Nikiwa na kisa cha teksi na begi tu, nabaki nimeshika mkonga wa simu.

Pili, jua unachokwenda kuomba. Wengi hufika dirishani wakiamini ubalozi una mfuko wa fedha na una askari wake. Hauna. Nguvu ya konseli iko kwenye karatasi na kwenye kufikisha habari: anaandika, anathibitisha, anagonga muhuri, anaziuliza mamlaka za nchi mwenyeji maswali ambayo ukiyauliza wewe hujibiwi. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, ulioanza kutumika 1967, umezitaja kazi zake kwenye ibara ya 5, na ibara ya 55 inamtaka aheshimu sheria za nchi aliyomo na asiingilie mambo yake ya ndani. Kwa hiyo hatakutoa rumande, hatakuwa wakili wako, hatakutafutia kazi, na bili ya hospitali ni yako na bima yako. Nauli ya kurudi nyumbani baadhi ya serikali hukopesha, tena kwa mkataba wa kulipa unaosaini kabla hujaiona tiketi. Wala jengo la ubalozi si ardhi ya nchi yako, ingawa imani hiyo haifi. Askari wa mwenyeji hawaingii bila ruhusa, basi. Ardhi ni ya mwenyeji, na mtoto akizaliwa kwenye chumba cha kusubiria hapati uraia kwa sababu ya chumba.

Pasipoti ikipotea

Nenda polisi kwanza. Omba nakala ya taarifa ya upotevu yenye namba ya kumbukumbu na muhuri, maana kila ofisi utakayoingia baada ya hapo itaitaka. Siku hiyohiyo ripoti ubalozini. Ukisharipoti, kitabu kinafutwa, na nchi nyingi hupeleka namba yake kwenye hifadhidata ya Interpol ya hati za kusafiria zilizoibwa na kupotea, iliyoanzishwa 2002. Hapa ndipo watu wanaponaswa. Pasipoti inaonekana chini ya kiti cha gari baada ya wiki, mwenyewe anashukuru Mungu, anakwenda nayo uwanja wa ndege, na afisa wa uhamiaji anamwomba asogee pembeni. Iliyofutwa haifufuki. Irudishe ubalozini.

Balozi nyingi hazichapi pasipoti zenyewe. Maombi yako hutumwa makao makuu, kitabu huchapwa huko na kurudishwa, nawe unasubiri. Kama safari haingoji, utapewa hati ya dharura ya kusafiria. Isome kabla hujaondoka dirishani: mara nyingi ni ya safari moja tu, ya kurudi nyumbani, na muda wake ni mfupi. Ndege yako ikipitia nchi ya tatu, uliza shirika la ndege na ubalozi wa nchi hiyo kama wanaipokea hati ya aina hiyo.

Lipo jambo jingine ambalo hata maafisa wapya husahau kuwaambia watu. Viza yako na muhuri wa kuingilia vilikuwa kwenye kitabu kilichopotea. Hati mpya ni tupu, na nchi kadhaa hazikuachii uondoke mpaka idara yao ya uhamiaji ihakikishe uliingia lini na kwa njia gani, kisha ikupe kibali cha kutokea. Nimeona watu wakigeuzwa kwenye kaunta ya mwisho kabisa, tiketi mkononi, kwa sababu hiyo tu. Mpangilio ni huu, usiuvuruge: polisi, ubalozi, uhamiaji, ndipo tiketi.

Ukifika ubalozini njoo na chochote kinachoonyesha wewe ni nani: kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, leseni ya udereva, picha za pasipoti. Usipokuwa na kitu, uraia wako utathibitishwa kwa alama za vidole na kwa kuuliza nyumbani, na hilo huchukua muda. Picha ya ukurasa wenye taarifa zako, uliyojitumia kwa barua pepe kabla ya safari, huokoa siku nzima. Mtoto akiombewa hati, utaulizwa ridhaa ya wazazi wote wawili. Mzazi asiyekuwepo aandike barua na kuambatisha nakala ya kitambulisho chake, na kama ana hukumu ya mahakama kuhusu malezi, nayo ije.

Pasipoti iliyoshikwa na mwajiri ni habari nyingine kabisa. Usiiripoti kama imepotea, kwa sababu haijapotea, na taarifa ya uongo polisi inaweza kukugeukia. Mwambie konseli imeshikwa, na nani, tangu lini. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2011, unampa mfanyakazi wa nyumbani haki ya kukaa na hati zake mwenyewe, na shirika hilohilo limeweka kushikiliwa kwa hati miongoni mwa dalili 11 za kazi ya kulazimishwa. Konseli anaweza kumwandikia mwajiri, anaweza kwenda wizara ya kazi. Mpe anwani ya nyumba. Picha ya geti uliyoituma kwa simu inafaa kuliko maelezo marefu.

Ukikamatwa

Sema hivi, kwa lugha yoyote unayoiweza: “Nataka ubalozi wa nchi yangu ujulishwe.” Ibara ya 36 ya mkataba ule wa Vienna inawataka waliokukamata wakueleze haki hiyo bila kuchelewa, na ukiomba, wamjulishe konseli bila kuchelewa. Neno lenye uzito hapo ni ukiomba. Zipo nchi zilizotiliana saini mikataba ya kujulishana raia wao wakikamatwa, wapende wasipende, lakini usijenge tumaini juu ya mkataba usioujua. Omba. Zamu ikibadilika, omba tena kwa afisa mpya. Hata kama umeishi nchi hiyo tangu utotoni, haki hiyo ni yako: ndugu wawili Wajerumani, Karl na Walter LaGrand, walikulia Marekani, wakahukumiwa kifo huko Arizona bila kuelezwa kwamba wangeweza kuwasiliana na konseli wao. Wote wawili waliuawa 1999, mmoja kwa sindano na mwingine kwa gesi. Mwaka 2001 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua kwamba ibara ile inampa haki mtu mwenyewe, si serikali yake peke yake.

Konseli akija kukuona, ataleta orodha ya mawakili (hatakuchagulia), ataangalia unavyotendewa, ataulizia dawa zako na mkalimani. Ukipigwa, mwambie palepale na mwonyeshe. Halafu mweleze nani aambiwe nini. Hili watu hawalifikirii. Mama anapiga simu analia, mke anapiga, rafiki wa kazini anapiga, na mimi bila ridhaa yako siwezi kumwambia hata mmoja wao uko wapi. Taja majina: huyu aelezwe yote, yule aambiwe mzima tu. Familia zina mambo yake, na si kazi ya konseli kuyafumua.

Mwenye uraia wa nchi mbili ajue jambo moja. Ibara ya 4 ya Mkataba wa The Hague wa 1930 kuhusu uraia inasema dola haiwezi kumkingia raia wake dhidi ya dola nyingine ambayo mtu huyo ni raia wake pia. Ukikamatwa katika moja ya nchi zako mbili, konseli wa ile nyingine anaweza kuambiwa huyu ni wetu, na mlango ukafungwa. Bado atajaribu, lakini kwa kuomba.

Na kama ulikimbia nchi yako kwa kuogopa serikali yake, usiende kwenye ubalozi wake kufanya upya pasipoti kabla hujazungumza na wakili. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unasema hadhi ya ukimbizi inakoma mtu akirudi kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake, na kuomba kitabu kipya kunaweza kusomwa hivyo.

Karatasi za kawaida

Kazi kubwa ya dirisha si misiba wala mahabusu. Ni karatasi. Ukitaka kumpa ndugu mamlaka ya kukuuzia kiwanja au kufuatilia mirathi, andaa hati, ichape, ije bila saini. Narudia, bila saini. Ninachothibitisha mimi ni kwamba nimekuona ukisaini mbele yangu, na hati uliyoisaini nyumbani jana nitakurudishia ukachape nyingine. Njoo na kitambulisho chenye jina lilelile lililo kwenye hati, herufi kwa herufi.

Vyeti vya ugenini vinavyotakiwa kutumika nyumbani, au kinyume chake, vina njia mbili. Kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961, unahitaji apostili tu, yaani uthibitisho mmoja wa saini na muhuri wa cheti, ambayo hutolewa na mamlaka ya nchi kilikotoka cheti. Ubalozi hauhusiki, na kuja kupanga foleni kwetu ni kujichosha. Kama mojawapo haimo, cheti kinapanda ngazi: wizara iliyokitoa, wizara ya mambo ya nje ya huko, kisha ubalozi. Angalia upya kabla ya kuanza, maana orodha inakua. China iliingia Novemba 2023 na Kanada Januari 2024, na bado nawasikia watu wakielekezwa kwenye ngazi za zamani.

Mtoto akizaliwa ugenini, cheti cha huko ndicho cha kwanza. Konseli hasajili kizazi kutokana na karatasi ya hospitali. Cheti kikishapatikana, kitafsiriwe na mtafsiri anayetambuliwa, ndipo uje na vyeti vya wazazi. Usikae miaka ukingoja likizo. Sheria za nchi nyingi huweka kikomo cha muda au cha vizazi kwenye uraia wa kurithi, na mtoto anaweza kukua bila karatasi ya upande wowote.

Msiba

Mamlaka za mwenyeji zinatakiwa na ibara ya 37 ya mkataba uleule wa Vienna kumjulisha konseli bila kuchelewa zikipata habari za kifo cha raia wake. Kwa kweli mara nyingi ndugu au wenzake wa chumbani ndio hutangulia kupiga simu. Karatasi hizi zikusanywe: cheti cha kifo, cheti cha kutiwa dawa maiti, barua ya mamlaka ya afya kwamba hakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, na pasipoti ya marehemu, ambayo itafutwa. Ubalozi unatoa kibali cha kusafirisha, shirika la ndege linadai jeneza lililofungwa kwa bati, kwa kawaida la zinki. Kifo cha ghafla huleta uchunguzi wa maiti, na hakuna konseli anayeweza kuuharakisha kwa simu. Gharama ni za familia, bima au mchango, kwa hiyo swali la kwanza kwa wafiwa liwe kama marehemu alikuwa na bima. Swali la pili ni nani msemaji wa familia. Mmoja. Nimeshuhudia maiti ikikaa chumba baridi huku pande mbili zikiandika barua za kupingana kuhusu atakapozikwa, na ubalozi hauna mamlaka ya kuamua ugomvi huo.

Pasipo na ubalozi

Si kila nchi ina ubalozi kila mahali. Mara nyingi balozi mmoja hubeba nchi kadhaa, naye yuko nchi jirani. Tafuta kabla ya safari ni yupi anayekuhusu. Unaweza kumkuta konseli wa heshima, mara nyingi mfanyabiashara mwenyeji anayejitolea saa chache kwa wiki. Ana msaada kwa mambo ya hapohapo, kama kwenda nawe polisi au kumpata daktari anayeaminika, lakini mamlaka yake ya hati ni finyu. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya wanaweza kuingia ubalozi wa mwanachama mwingine wakatendewa kama raia wake pale ambapo nchi yao haina ubalozi. Wengine tunategemea makubaliano ya serikali zetu, kwa hiyo uliza wizarani.

Jisajili ubalozini ukifika, hasa ukienda kukaa. Watu hukwepa kwa kuogopa kodi au kufuatwafuatwa, kisha vita vinapozuka wanashangaa hakuna aliyewapigia. Futa usajili ukihama. Na ubalozi ukitangaza muondoke wakati ndege za abiria bado zinaruka, ondoka na hizo ndege. Ndege ya kuokoa watu huja ikiwezekana kuja, huchukua mzigo mdogo, inakushusha nchi iliyo karibu na salama, na serikali nyingine hukutumia bili baadaye.

Kila unapomaliza kuzungumza na ofisi yoyote kati ya hizi, tuma barua pepe fupi siku hiyohiyo: jina lako, tarehe, jina la afisa, mlichokubaliana. Weka risiti za ada. Siku ukilazimika kulalamika wizara ya mambo ya nje, barua hiyo yenye tarehe na namba ya faili ndiyo itakayopelekwa kwa mkubwa wa yule afisa, naye atatakiwa kuijibu kwa maandishi.