Kula shaba nyumbani: bodi ya saketi kwa feriki kloraidi

Bodi ya saketi ni kibao kilichopakwa shaba, unaila shaba usioitaka na dawa zibaki njia za umeme tu. Wenye maabara za pesa wengine huzamisha utando mwembamba wa metali kwenye majimaji wakaupiga na mwale wa elektroni, penye mwale ndo panapolika. Sie huku Majengo, Mombasa, mashine hio hatuna, twatumia tona (ule unga wa printa ya leza) na kazi inakua kinyume, palipofunikwa ndo panabaki.

Anza kusafisha, hapa ndo wengi wanaharibu. Sugua shaba na ile waya ya sufuria mpaka ing'ae, pangusa na asitoni, alafu usiiguse tena, joto la Mombasa mkono haukosi jasho na penye jasho tona haishiki, mie nimewahi kurudia bodi nzima sababu ya dole gumba moja.

Mchoro utoe na printa ya leza (ya wino haifai kabisa) kwenye karatasi ya jarida ile ya kung'aa, maandishi yasomeke kinyume ndo yakae sawa kwenye shaba. Ilaze kifudifudi, piga pasi moto bila mvuke dakika 4 ama 5, tumbukiza kwa maji karatasi ilainike, imenye polepole. Palipokatika rudishia na maka isiyofutika.

Sasa dawa, ndo hio feriki kloraidi. Vaa glavu na nguo mbovu, doa lake halitoki. Beseni la plastiki, SI sufuria! Mara ya kwanza nilichukua sufuria ya alumini ya mamangu, ikaanza kuchemka yenyewe bila jiko na moshi juu, mpaka leo akiniona na beseni aniuliza "wapika nini leo?"

Bodi ielee shaba ikitazama chini, bandika utepe mgongoni uwe mkono wa kushikia. Dawa iliyobeba shaba ni nzito, yashuka yenyewe, ukiigeuza bodi itazame juu yalala pale pale na kazi yachelewa. Tikisatikisa. Shaba ya bodi za kawaida ni mikromita 35 tu, dawa mpya na joto letu hili dakika 15 hivi, ikishageuka kijani imeshiba utangoja sana. Chungulia kila mara, ikizidi dawa yala ubavuni chini ya tona na njia nyembamba zakatika.

Osha, toa tona na asitoni. Dawa iliyochoka usimwage, shaba yaua samaki na mifereji yetu waijua yaishia wapi. Tia magadi kidogo kidogo, yafura povu kwelikweli kwa hivo chombo kiwe kikubwa, matope yakituama mie nayakoroga na simiti kwenye mkebe wa rangi mpaka yagande.