Jinsi ya kushika maneno ya Kizungu kwa kufuata herufi mbili za mbele

Nafundishanga Kingereza cha tuisheni hapa Kondele, Kisumu, jioni ni watoto wa sekondari na Jumamosi ni watu wazima, wengi wanatoka sokoni Kibuye. Ukimpa mtu dikshonari aanze kukariri kutoka A, wiki ikiisha hajabaki na kitu. Sasa mimi nawapanga maneno kwa herufi mbili za mwanzo, lakini si herufi zozote tu, nachagua zile ambazo maneno yake yanavutana pia kwa maana. Tafuta boksi la sabuni ukate kadi, maka pen, dikshonari, na kitambaa kimoja kilicholowa maji, utaona ni cha nini.

Hatua ya kwanza: anza na sn

Usianze na kitu ingine, hii ndio rahisi kuliko zote. Andika kila neno kwa kadi yake, nyuma uweke maana: sneeze ni kupiga chafya, snore kukoroma, sniff kunusa, snort ni ule mlio wa nguruwe puani, snot kamasi, snout ile pua yake imechomoka mbele, snuff ni ugoro wa wazee. Sneer ni kumkunjia mtu uso kwa dharau, na hapo pua inapanda pia. Usiwaambie zinafanana wapi, waache waangalie kadi mpaka mmoja apige kelele kwamba hizi zote ni mambo ya pua! Akishasema, waambie wafinye pua kwa vidole halafu waseme nnnn. Sauti inakatika hapo hapo, kwa sababu n hupitia puani, na hiyo darasa itacheka mpaka jirani aje kuuliza mnafundishwa nini.

Sneeze zamani za kale haikuwa na sn, ilianza na fn, halafu baadaye ikahamia kwa hawa wenzake wa pua. J.R. Firth, mwanaisimu wa Uingereza, ndiye alitunga jina la vijisauti vya aina hii mwaka wa 1930, fonestimu, lakini hiyo jina usiwasumbue nayo wanafunzi.

Hatua ya pili: toa wageni

Snake, snow na snail ni sn lakini pua haziko. Ziweke kando kwa rundo lao. Hii hatua watu huiruka na ndio inaharibu kazi yote, mtu anaanza kutunga hadithi ati nyoka ananusa, bana wacha tu, neno likikataa limekataa.

Hatua ya tatu: gl

Hii ni ya mwanga na macho, pitia haraka. Glow kung'aa polepole kama makaa, glitter kumetameta, gleam kung'aa, glisten (hii ni kung'aa kwa kitu chenye maji ama mafuta), glare mwanga wa kuumiza macho ama kumkodolea mtu macho kwa hasira, glance kutupa jicho, glimpse kuona kitu mara moja kikapotea. Glass pia iko ndani. Wageni ni glue na glove. Glad utadhani ni mgeni, kumbe kwa Kingereza cha zamani ilikuwa pia na maana ya kung'aa, kwa hivyo irudishe ndani.

Hatua ya nne: tw, na hapa kaa sana

Hapa si sauti tu, ni ukoo kabisa, zote zinatoka kwa mbili. Two yenyewe w yake haisikiki siku hizi lakini iko pale kwa maandishi, na ukitaka kuisikia nenda kwa twin na twice. Twenty ni kumi mara mbili. Twelve maana yake ya zamani ni mbili zilizobaki, yaani umehesabu kumi ukabakisha mbili, na eleven vilevile ni moja iliyobaki. Twilight ni ule mwanga wa magharibi, si mchana si usiku. Twine ni kamba ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. Between nayo imeficha tw katikati, mwambie mwanafunzi aitafute mwenyewe. Kutamka si shida kwa sisi, mtu anayesema twende na twiga hawezi shindwa na twin.

Kuna mmoja atabishana kwamba tweezers ni ya huu ukoo juu kile kikoleo kina miguu mbili. Hapana, hiyo ilitoka kwa neno la Kifaransa la kijaluba cha kuwekea vifaa vidogo. Weka kwa wageni pamoja na tweet.

Hatua ya tano: wr na kn

Sasa chukua kile kitambaa, kikamue mbele yao maji yatiririke. Hiyo ni wring, maana wr ni mambo ya kupinda na kuzungusha. Mkono huzungukia kwa wrist. Fundi anazungusha nati kwa wrench, ngozi ikijikunja ni wrinkle, mnyoo ukijinyonganyonga ni wriggle, na hata wrong zamani ilikuwa kitu kilichopinda. Write nayo ni mgeni, ilianza kama kuchora kwa kukwaruza. W haitamkwi kwa yoyote.

Kn ni vitu vya kujitokeza kama fundo: knee ni goti, knuckle kifundo cha kidole, knob kirungu cha kushika mlangoni, knot fundo lenyewe. Hiyo k Waingereza waliitamka kitambo, na Wajerumani hadi leo wanasema Knie na k yao inasikika vizuri. Hizi mbili zitamsaidia mtoto wa fomu foo kwa karatasi ya kwanza ya Kingereza, sehemu ya oral, maana maswali ya herufi zisizotamkwa hutokea huko.

Hatua ya sita: neno la uongo

Andika ubaoni neno halipo, kama snorp ama glimb, uulize ni la nini. Wengi watakwambia pua, na mwanga. Halafu wape la kweli hawajawahi kuona, mfano snivel (kulialia ukivuta kamasi), wakisie kwanza ndio wafungue dikshonari. Asiyefungua hana maksi hata akipatia, maana kwa mtihani neno laweza kuwa snag, yaani kukwama kwa kitu, na hapo pua haitamsaidia.