Jinsi ya kumtegemea Mungu kwa riziki wakati kipato hakitabiriki

"Utupe leo riziki yetu." Yesu aliweka neno "leo" katika sala hiyo, na wanaolielewa vizuri zaidi ni watu wa kipato cha siku: mama anayeuza maandazi, dereva wa bodaboda, fundi ujenzi anayengoja simu ya kuitwa kazini. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Kumtegemea Mungu kwa riziki hujifunzwa mezani na kwenye daftari, kwa namna unavyopima, unavyoomba, unavyofanya kazi na unavyogawa kile ambacho kimekwisha kufika.

Jua pishi lako

Katika Kutoka 16, Waisraeli walipopewa mana waliagizwa kuokota pishi moja kwa kila kichwa, kwa hesabu ya watu waliomo hemani. Waliobakiza mpaka asubuhi waliikuta imeingia mabuu na kunuka. Siku ya sita waliokota pishi mbili, na ile ya akiba haikuharibika, kwa sababu Sabato haikuwa na mana. Riziki ya Mungu ilikuja na kipimo tangu mwanzo. Asiyejua kipimo cha nyumba yake hawezi hata kutambua kwamba amepewa. Atalala na wasiwasi siku aliyoshiba.

Basi tafuta kipimo chako. Chukua daftari, andika kila kinachohitajika ili nyumba iende, kisha kigeuze kiwe cha siku moja. Tuchukue mfano wa familia ya watu watano inayopanga mjini. Kodi ya 60,000 kwa mwezi ni 2,000 kwa siku. Chakula 9,000. Umeme na maji 1,000. Nauli 2,000. Ada, sare na madaftari ya watoto 360,000 kwa mwaka ni kama 1,000 kwa siku. Jumla 15,000. Hilo ndilo pishi la nyumba hiyo.

Watu wengi hukosea hapo kwa kusahau vitu vya mwaka. Wanahesabu unga na mkaa, halafu Januari ada inafika kama msiba. Ada inajulikana tarehe yake. Ukiipa shilingi 1,000 kila siku tangu mapema, Januari haitakukuta mikono mitupu. Kosa la pili ni kuingiza matamanio katika hesabu ya mahitaji. Televisheni mpya si dhambi, ila isiandikwe ndani ya pishi.

Omba kwa kutaja

Ukurasa wa pili wa daftari ugawe safu tano: tarehe ya kuomba, hitaji, kiasi, siku linapohitajika, na namna lilivyojibiwa. "Bwana, utubariki" ni sala njema, lakini huwezi kujua imejibiwa lini. "Bwana, tunahitaji 60,000 ya kodi kabla ya tarehe 5" ni sala ambayo familia nzima inaweza kuifuatilia. Waache watoto wasome mistari hiyo, nao waandike majibu.

George Müller, aliyefungua nyumba ya yatima mtaa wa Wilson huko Bristol, Uingereza, mwaka 1836, aliandika hivyo kwa uangalifu mkubwa: kilichoombwa, kilichopokelewa, tarehe yake na matumizi yake. Hakuwa akiwaomba watu fedha, wala hakuingia madeni. Wengi hukumbuka imani yake na kusahau vitabu vyake vya hesabu, na hayo mawili hayakutengana.

Safu ya mwisho ijazwe kwa ukweli. Ukiomba 60,000, ukapata kazi ya 35,000, na mwenye nyumba akakubali kungoja iliyobaki, andika yote matatu. Baada ya miezi kadhaa utaona njia ambazo Mungu huzitumia kwako, na nyingi zitakuwa za kawaida sana.

Toka ukaokote

Mana haikuingia hemani. Walitoka kila asubuhi, na jua lilipokuwa kali iliyeyuka. Mtume Paulo naye aliwaagiza Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi, na asile. Tuangalie vizuri: amesema asiyetaka. Aliyetafuta akakosa, mgonjwa, mzee na mjane hawamo katika agizo hilo, na ni ukatili kuwasomea.

Kama kazi haipo, anza pale Elisha alipoanza na yule mjane katika 2 Wafalme 4. Mdai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii alimuuliza nyumbani kuna nini. Chupa ya mafuta. Akamwambia aazime vyombo kwa majirani, na si vichache. Afunge mlango, amimine. Kisha auze mafuta, alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Mpango huo una muujiza, una kuazima, una soko, na una utaratibu wa matumizi: deni kwanza, maisha baadaye. Kwa hiyo orodhesha ulichonacho: cherehani, jiko, ujuzi wa kusuka, baiskeli, kipande cha shamba kijijini. Halafu orodhesha watu wanaoweza kukuazima kile kinachopungua.

Ukumbuke pia kijito cha Kerithi. Mungu alimlisha Eliya hapo kwa kunguru, kisha kijito kikakauka, na neno likaja la kumwelekeza Sarepta. Biashara iliyolisha nyumba kwa miaka inaweza kukauka. Usiing'ang'anie kwa kukopa eti kwa sababu Mungu aliwahi kuibariki.

Tenga mbegu na mkate

Hapa ndipo nyumba nyingi za waamini huanguka, tena watu wanaosali kwa bidii. Katika 2 Wakorintho 9:10 Paulo anasema Mungu humpa mpanzi mbegu, na humpa mkate wa kula. Ni vitu viwili. Kwa mfanyabiashara mdogo, mbegu ni mtaji na mkate ni faida. Muuza maandazi akiuza 40,000, na unga, sukari, mafuta na mkaa vilimgharimu 27,000, riziki yake ya siku hiyo ni 13,000. Ile 27,000 si yake kula, wala si yake kutolea sadaka. Ni maandazi ya kesho. Akihesabu zaka kwa mauzo atatoa 4,000, wakati fungu la kumi la faida yake ni 1,300. Akifanya hivyo wiki tatu, akanunua na kiatu cha mtoto humo humo, meza itafungwa, na jirani watasema amerogwa.

Faida ikijulikana, igawe siku hiyo hiyo, kabla haijalala mfukoni. Turudi kwa ile familia ya pishi la 15,000. Siku wakipata faida ya 25,000: zaka 2,500, mahitaji 15,000, akiba 5,000, na 2,500 inayobaki iende kwenye deni, au kwa mwenye shida kama hawadaiwi. Akiba hiyo ni sehemu ya tano, kipimo ambacho Yusufu alimshauri Farao akitenge katika miaka saba ya shibe (Mwanzo 41). Siku wakipata 9,000, zaka ni 900, chakula kinapunguzwa kidogo, na kodi, ada, umeme, maji na nauli za siku hiyo zinatoka kwenye akiba. Akiba haipingani na imani. Yusufu aliweka ghalani kwa sababu alikuwa amemwamini Mungu kuhusu njaa inayokuja.

Weka akiba mahali ambapo kuitoa kunahitaji hatua mbili au tatu: kibubu, kikundi cha kuweka na kukopa mnachofahamiana, au akaunti ya benki. Pesa iliyo kwenye simu hutoka kwa kubonyeza tu.

Pumzika siku moja

Fungeni biashara siku moja kwa wiki. Kwa mtu wa kipato cha siku hili ni gumu kuliko zaka, na ndiyo maana lina thamani. Liandae siku ya sita: nunua mahitaji ya siku mbili, pika mapema.

Yanayoharibu

Mkopo wa "kwa imani" ni wa kwanza. Laki moja kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi: ukilipa riba peke yake miezi mitano umetoa laki moja, na bado unadaiwa laki moja. Mikopo hii ya kausha damu haina uhusiano na Mungu kufungua mlango.

La pili ni kudaiwa "mbegu" na mhubiri kwa ahadi ya kurudishiwa mara mia. Ile sura ya 9 ya 2 Wakorintho inahusu mchango wa kuwasaidia watakatifu maskini wa Yerusalemu, na Paulo anataka kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, pasipo kulazimishwa. Ukiambiwa utoe ada ya mtoto au mtaji, kataa kwa heshima, uende zako.

La tatu ni kuacha dawa au kliniki ili "kumwachia Mungu". Shetani alimtaka Yesu ajirushe kutoka kinara cha hekalu, naye akajibu kwamba Bwana Mungu hajaribiwi.

Tarehe ikifika na jibu halijafika

Sema mapema. Katika Matendo 6 wajane walikuwa wanasahaulika katika huduma ya kila siku, malalamiko yakasikika, na watu saba wakachaguliwa kushughulikia jambo hilo. Kuomba msaada kanisani ni njia ya Biblia. Nenda kwa shemasi, mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya wiki moja kabla, ukiwa na daftari lako, na useme kiasi kamili. Anayesema "hali ni ngumu" hupewa pole. Anayesema "nimepata 35,000, nimepungukiwa 25,000 ya kodi" ni rahisi kusaidiwa.

Kwa mwenye nyumba nenda pia kabla ya tarehe, uso kwa uso, na usiende mikono mitupu: "Shikamoo, mama. Kodi ya mwezi huu nimepata 35,000, hii hapa. Iliyobaki nakuletea Jumamosi ya tarehe 14 nikishalipwa na fundi mkuu." Taja tarehe ambayo unaweza kuitimiza, uiandike kwenye daftari mbele yake, na Jumamosi hiyo ufike hata kama umepata 10,000 tu.