Kabla ya kununua miche ya parachichi Njombe

Wengi wanaoanzisha shamba la parachichi Njombe hukimbilia kitalu kwanza: miche ya Hass, aina ya parachichi, iliyobebeshwa (iliyounganishwa) ni bei gani, na itapatikana lini. Mimi ningeanza na jembe. Mizizi inayoulisha mparachichi imelala karibu na uso wa udongo na haina vinyweleo kama ya mazao mengine. Ikikaa majini siku mbili tatu inakosa hewa, na hapo ugonjwa wa kuoza mizizi umepata mlango, kwa sababu vimelea vyake husafiri kwenye maji ya udongo.

Kwa hiyo chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini, moja kila kona ya shamba, uyajaze maji jioni. Asubuhi nenda kaangalie. Lililobaki na maji linakuambia hapo pasipandwe shimoni. Inua tuta la nusu mita, au paache pawe pa mahindi. Tazama na ukuta wa shimo: udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu maana yake maji hutuama hapo masika, hata kama leo pamekauka kau. Mabondeni kuna shida ya ziada, baridi ya Juni na Julai hushukia huko na kuunguza machipukizi.

Kisha hesabu maji. Ekari moja kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 inachukua miche kama 80. Kila mche ukipata ndoo ya lita 20 kwa wiki, ni lita 1,600, wiki baada ya wiki, tangu mvua zikatike Mei hadi zirudi Novemba au Desemba. Nani atazibeba? Kijito unachokitegemea, Oktoba kina maji? Waulize wazee wa hapo. Wakisitasita kujibu, mwaka huu panda 30 tu.

Nyasi za matandazo zikusanywe mapema, kabla hazijachomwa. Unene wa sentimita 10 unatosha, ila ziache umbali wa sentimita 20 kutoka kwenye shina, gome lisije likaoza. Na nyasi kavu ni kuni: lima barabara ya kuzuia moto kuzunguka shamba, maana jirani anayechoma shamba lake hatakupigia simu.

Watu husema Njombe ni baridi, jua la nini? Nenda shambani Oktoba saa tisa alasiri. Gome changa la kijani huungua upande wa magharibi. Lipake chokaa iliyochanganywa na maji, au simika vijiti viwili na kipande cha kiroba upande huo.

Majani yakilegea, usikimbilie ndoo. Fukua kidogo, ukamue udongo kiganjani. Udongo ukitoa maji, mche hauna kiu, unaoza. Mwaka wangu wa kwanza niliiua miche tisa kwa huruma ya ndoo, yote ya kona moja ya chini, ambako sikuwa nimechimba shimo la kujaribia.