Unasoma utawala wa umma? Jiandae hivi na kazi ya serikali au NGO

Hii nawaandikia hasa wadogo zangu mlioko Mzumbe, UDSM, Hombolo, Chuo cha Utumishi wa Umma na kwingine mnakosoma utawala, mipango na serikali za mitaa, maana swali ninaloulizwa kila mara ni lilelile: "kaka GPA ninayo, mbona usaili unanitoa?" Inaniuma kwa sababu wengi mna akili nzuri kabisa ila mmemaliza miaka mitatu mkiisoma serikali kwenye slaidi tu, hamjakaa karibu nayo mkaiona inavyofanya kazi.

Kwa hiyo anzia nyumbani. Likizo ikifika nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji chenu, ule wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea ambao kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 ni kila miezi mitatu. Kaa pale na daftari uandike muhtasari wako mwenyewe, nani kauliza nini, mtendaji kajibu nini, kipi kimeazimiwa, nani atatekeleza na lini. Ukimaliza muombe mtendaji akuoneshe wa kwake mlinganishe, hapo ndo utaona wewe umeandika maneno mengi ya watu waliokuwa wanabishana na umeliacha azimio lenyewe. Rudia mara tatu nne. Siku ukiulizwa tofauti ya mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri ya kijiji (ile ya wajumbe 15 mpaka 25) hutahangaika kukumbuka noti, utakuwa unawaona watu kabisa.

Pili, chagua jambo moja ulifuate mpaka mwisho, na mimi nashauri ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, yaani 4 wanawake, 4 vijana na 2 wenye ulemavu. Kijijini utasikia vikundi vinalalamika fomu zimekwama, wilayani utakutana na afisa maendeleo ya jamii anayehangaika na marejesho, halafu ukifungua ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ya serikali za mitaa, ambayo anakabidhiwa Rais mwezi Machi na bungeni inafika Aprili, unakuta hoja za mikopo isiyorejeshwa. Mikopo yenyewe ilisitishwa 2023 ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Soma ripoti za miaka mitatu ya halmashauri moja tu, andika kurasa mbili: tatizo ni nini, limesababishwa na nini, wewe ungeshauri nini. Kurasa hizo mbili zitakufundisha sera ya umma kuliko kukariri nadharia kumi, na nadharia nazo utaanza kuzielewa maana sasa una kitu cha kuzishikiza.

Tatu ni fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Wengi mkipelekwa masjala, ofisi ya kutunza majalada, mnaona mmedharauliwa, mnataka mkae kwa mkurugenzi. Masjala ndo moyo wa ofisi! Mimi nilipokuwa fildi kwenye halmashauri moja wiki ya kwanza yote nilikuwa napanga majalada, naandika namba za folio (namba ya kila karatasi ndani ya jalada), na kwa kusoma yale majalada nikaona jinsi barua ya mwalimu mmoja kuomba uhamisho inavyopita kwa mwalimu mkuu, inafika kwa afisa elimu, inaenda utumishi, kila mtu anaandika maoni yake na saini na tarehe. Wiki ya pili nikaambiwa niandike dokezo, yale maelezo mafupi ya ndani ya ofisi ya kumsaidia bosi aamue. Nikaandika kurasa tatu. Afisa utumishi akachukua kalamu akabakiza aya nne: suala limetoka wapi (taja folio), hali ikoje sasa, sheria au kanuni inasemaje, unapendekeza nini. Chini yake, "Naomba kuwasilisha". Mpaka leo naandika hivyohivyo, maana bosi ana majalada arobaini mezani na anatakiwa aamue. Jizoeze hilo kabla hujamaliza chuo.

Upande wa NGO misingi ni ileile ila makaratasi yanabadilika majina: andiko la mradi, bango kitita (logframe, jedwali la malengo na viashiria vya mradi), bajeti, ripoti ya mfadhili. Jua Excel vizuri, jifunze kutengeneza dodoso kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanya takwimu kwa simu, ina toleo la bure, na uandike Kiswahili na Kiingereza vyote kwa ufasaha kwa sababu kikundi utaongea nacho Kiswahili na ripoti mara nyingi itaenda kwa Kiingereza. Jitolee kwenye shirika dogo la wilayani, kule utafanya mpaka bajeti, wakati kwenye shirika kubwa unaweza kukaa miezi sita unapanga viti vya semina.

Na Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi za serikali, usisubiri tangazo. Fungua akaunti sasa, hakikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha form four na NIDA ni lilelile herufi kwa herufi, kama yanapishana shughulikia kiapo au deed poll (hati ya kubadili jina) mapema. Tangazo likitoka soma majukumu ya kazi mstari kwa mstari, kila jukumu liandikie mfano wako mmoja wa kweli, wa kijijini, wa masjala au wa kikundi, ndo uingie nao kwenye usaili.