Kubadilisha sili na beringi za shafti ya propela kwenye mashine ya boti

Mwezi ukipevuka, boti za dagaa hapa Mikindani hupumzika, maana taa haishindani na mbalamwezi. Siku hizo chache ndizo ninazofungulia mashine za watu. Nyingi hunifikia gia zikiwa zimeshaanza kulia. Natamani ziletwe mapema, wakati kilichokufa bado ni mpira mdogo tu, ile sili inayokaa nyuma ya propela. Sili ikivuja, oili hutoka na maji ya chumvi huingia. Beringi, zile pete za gololi zinazoshikilia shafti (chuma kinachozungusha propela), hushika kutu, shafti huanza kucheza, na huko kucheza humalizia kilichobaki cha sili. Mwisho gia hukatika meno mkiwa mbele ya Msimbati, giza limeingia na kusi linavuma.

Maelezo haya ni ya mashine za kufunga nyuma ya boti, kama za nguvu za farasi 15 au 25, ambazo ndizo nyingi kuanzia Lindi hadi Msanga Mkuu. Kubwa zaidi ya hapo zinahitaji vifaa vya kupimia gia, hizo mpelekee fundi mwenye navyo.

Kwanza, hakikisha haitawaka

Chomoa waya za plagi, toa na kile kishikizo cha kamba ya kuzimia, kisha weka gia katikati. Propela inapozungushwa kwa mkono inaweza kuzungusha injini, na injini iliyobaki na petroli kidogo inaweza kushtuka. Vidole havina spea.

Soma oili kabla ya kufungua chochote

Simamisha mashine wima na uweke chombo safi chini, cheupe ukipata. Legeza skrubu ya chini taratibu bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatatangulia kutoka. Yakitangulia, sababu ya kuendelea umeshaipata. Sasa toa skrubu yote, fungua na ya juu ili hewa iingie, uache imwagike.

Oili nzima huwa nyeusi au kahawia na inapitisha mwanga kidogo. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imechanganyika na maji. Isugue kati ya vidole: ungaunga laini wa chuma ni wa kawaida, lakini vipande vinavyochoma ni meno ya gia au gololi za beringi, na hapo kazi imeshazidi sili.

Oili hiyo iweke kwenye dumu, usiimwage mchangani. Mikoko na kaa wa ghuba yetu ndiyo riziki ya majirani zetu.

Toa propela, utafute uzi

Nyoosha miguu ya pini inayozuia nati ya propela na uichomoe. Kaza kipande cha ubao kati ya bawa la propela na lile bamba la juu, ufungue nati. Kila kinachotoka, washa, bushi, propela na ile washa nene ya nyuma, kipange kwenye kitambaa kwa mpangilio uliotoka nao. Mwenye simu na apige picha.

Hapa ndipo ninapoomba usikivu wako wote. Angalia nyuma ya washa nene, shafti inapoingilia kwenye mfuniko. Mara nyingi utakuta mshipi au uzi wa nyavu umejiviringisha na kukaza hadi umeonekana kama pete ya plastiki. Huo ndio unaoua sili za pwani hii kuliko uzee. Uzi wa naironi ukizungushwa na shafti hupata joto, hupenya chini ya mdomo wa sili na kuukata. Uondoe kwa kijiti au koleo. Usitumie kisu, kitaikwaruza shafti palepale mdomo wa sili unapokaa.

Kwa boti inayofanya kazi kwenye nyavu, toa propela kila wiki kwa ajili ya kuangalia hili tu. Ni kazi ya dakika kumi. Hata ukiacha mengine yote niliyoandika, hili lifanye.

Toa mfuniko wa shafti

Mfuniko huwa na bolti mbili, na chumvi huzigandisha. Usizilazimishe. Pulizia mafuta ya kulegezea kutu, acha zilale usiku kucha, asubuhi gonga vichwa vyake kidogo kwa nyundo, kisha jaribu kuzikaza kidogo sana kabla ya kuzifungua. Mfuniko wenyewe ukigoma, uzungushie matambara yaliyotoka kwenye maji yanayochemka. Aluminiamu hutanuka, chumvi huachia. Uchokoe pande zote mbili kwa usawa. Niliwahi kubana upande mmoja kwa bisibisi kwa haraka, sikio la mfuniko likavunjika, na mwenye boti akakaa siku tisa akingoja mfuniko mwingine kutoka Dar es Salaam. Bolti tangu siku ile sizifungui kwa pupa.

Shafti itatoka pamoja na mfuniko. Ishike wima kidogo: kwenye mashine nyingi ndogo, kwenye ncha yake ya ndani kuna kijipini cha gia kinachodondoka kirahisi. Ukikuta washa nyembamba za kupangia nafasi, zirudishe zilezile mahali palepale.

Hukumu ya beringi

Ioshe kwa dizeli, ikaushe, iweke oili tone moja, izungushe polepole karibu na sikio. Ikikwaruza, ikisita, au ukiona madoa ya kutu kwenye njia ya gololi, ibadilishe. Beringi iliyokunywa maji ya chumvi mimi siirudishi hata kama inazunguka vizuri.

Namba yake imechongwa pembeni, nenda nayo dukani. Kwa beringi za kawaida, tarakimu mbili za mwisho kuanzia 04 ukizizidisha kwa 5 unapata tundu la ndani kwa milimita. Ndiyo maana 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje 52 na unene 15. Sili nayo ina vipimo vitatu: ndani, nje na unene.

Kanuni moja ya kupiga beringi: inapoingia kwenye mfuniko, sukuma pete ya nje, inapopanda kwenye shafti, sukuma pete ya ndani. Ukikosea, nguvu hupitia kwenye gololi na beringi mpya huanza kazi ikiwa mgonjwa.

Sili mpya

Kabla ya kutoa za zamani, tazama midomo yake imeelekea wapi. Kwa kawaida ziko mbili, na mpangilio hutofautiana kwa mashine, kwa hiyo fuata ulioukuta.

Pitisha ukucha kwenye shafti sili inapokaa. Ukucha ukinasa, pana mfereji, na sili mpya itavuja hapohapo. Kama nafasi ipo, izamishe milimita moja au mbili zaidi ili mdomo ukutane na chuma kizima. Kama haipo, shafti imekwisha.

Safisha nyumba ya sili, paka grisi isiyotoka kwa maji kwenye midomo na kati ya sili mbili, kisha uzisukume kwa soketi yenye upana unaokaribia wa sili. Ziingie sawasawa, zisilale upande. Oringi, ile pete ya mpira ya mfuniko, weka mpya. Bolti zipake grisi, atakayezifungua mwakani atakushukuru.

Pima, kisha jaza

Kabla ya oili, funga skrubu ya chini, ingiza hewa kwa pampu kupitia tundu la juu, kama psi 10 tu, uzamishe sehemu ya chini kwenye beseni la maji. Mapovu yatakuonyesha panapovuja.

Oili ya gia, haipoidi SAE 90 kwa mashine nyingi za Yamaha za aina hii, hujazwa kutoka tundu la chini kwenda juu, ili hewa isibaki ndani. Ikitoka juu bila mapovu, funga ya juu kwanza, halafu ya chini haraka. Washa za skrubu ziwe mpya.

Paka grisi meno ya shafti, rudisha propela kwa mpangilio wa kitambaa, weka pini mpya ya chuma kisichoshika kutu.

Baada ya saa 10 za kazi, legeza skrubu ya chini uone tone la kwanza. Likiwa safi, badilisha oili kila saa 100 au miezi 6. Likiwa jeupe, boti isitoke.