Kuinusa garigi ndani ya glasi ya mvinyo

Wageni wangu wakija huku Montpellier, kusini mwa Ufaransa, huniuliza mvinyo unanukiaje majani ilhali ni zabibu tupu. Kabla sijafungua chupa, nawapeleka kwanza porini. Nawe anzia huko.

Elekea mlima Pic Saint-Loup, kaskazini ya mji, wakati wa kiangazi, mnamo saa nane mchana. Garigi ndilo pori la huko: mawe meupe ya chokaa, udongo haba, na vichaka vya kufika magotini au kiunoni, vikiwemo zaatari mwitu, rozimari na mialoni mifupi yenye majani ya miiba. Jua kali hutoa mafuta ya majani hewani. Chuma kijitawi cha zaatari, kifikiche viganjani, unuse. Ukali unaopanda puani kwanza unakaribia dawa ya kuchua. Subiri kidogo, nusa tena: sasa kuna ukavu, nyasi zilizochomwa na jua. Rozimari nayo ina kafuri na ubaridi wa mkaratusi. Yashike haya mawili vizuri, ndiyo utakayoyatafuta.

Jioni, nunua mvinyo mwekundu wa maeneo ya Pic Saint-Loup, Faugères au Gigondas, wenye zabibu za aina ya Syrah na Grenache. Epuka uliokaa kwenye mapipa mapya ya mwaloni, maana vanila yake hufunika kila kitu. Uweke kwenye friji kama nusu saa, ufikie nyuzi 16 au 17. Mvinyo ukiwa na joto, pombe ndiyo itakayokupiga puani. Mimina theluthi ya glasi. Nusa kabla ya kuizungusha, kisha izungushe. Matunda meusi hutangulia; majani hufuata nyuma yake, taratibu.

Je, harufu hiyo inatoka vichakani kweli? Kwa sehemu, naamini hivyo. Watafiti wa Australia walipima mashamba yanayopakana na mikaratusi, wakakuta sineoli, harufu ya mti huo, ikizidi kwenye mizabibu iliyo karibu na miti. Majani yanayoangukia zabibu wakati wa mavuno huiongeza zaidi. Lakini ile harufu ya pilipili manga iliyo kwenye Syrah ni ya zabibu yenyewe. Kiini chake, kemikali iitwayo rotundoni, kilitambuliwa mwaka 2008, na kimo pia ndani ya rozimari na zaatari. Ndiyo maana pua huzichanganya harufu hizi.

Ukikwama, fikicha tena kijitawi chako, nusa, rudi kwenye glasi.